Redio Iliyopenda Mashimo

Saa nane mchana, siku moja kabla ya uhuru wa Burundi wa 1962, redio ya Nasoro ilizimika tena ndani ya lori la kwenda Rumonge. Ilizimika kila ilipopata moto, tangu ibadilishwe taa ya ndani, ile valvu ya kioo. “Rudisha ile ya zamani, baba,” alisema Kadidja, muuza ndagala, dagaa wa ziwani. “Uhuru utangazwe na taa ya Wabeleji? Na Rumonge nzima nimeialika kusikiliza!” akajibu Nasoro. Cirhuza, fundi redio aliyeketi kando yao, alijua hata taa mpya imetoka Ubelgiji.

Lori likatumbukia shimoni, redio ikaimba. “Shoferi, tafuta shimo lingine!” akapaza sauti Kadidja. Abiria wakashangilia, shoferi akatii kwa bidii.

“Unaona? Iko muzima!” alisema Nasoro.

“Iko muzima ikitikiswa. Kesho utaibeba ukirukaruka?”

“Nitaruka, mama!”

Sokoni Rumonge majirani waliusikia wimbo, wakaja mbio na vigelegele. Lori likasimama, redio ikanyamaza.