Papa Évariste Amwachia Mwanaasha Mfalme wa Urusi

Papa Évariste Mwamba anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Juni 2018, baada ya miaka ishirini na moja ya kusimulia filamu katika ukumbi wetu wa Joubert Park. Mimi Mwanaasha wa dirisha la tiketi ndiye niliyeambiwa nishike kipaza sauti chake kuanzia Jumamosi.

Alikuja kutoka Lubumbashi akiwa fundi cherehani, akaajiriwa hapa kufagia. Siku moja mwaka 1997 ikaonyeshwa ile filamu kongwe ya mfalme wa Urusi, isiyo na sauti, yenye maandishi ya Kirusi matupu. Watu wakaanza kuondoka. Papa akaweka ufagio chini, akawaeleza kinachotokea kwa Kiswahili chake cha Katanga. Tangu hapo huonyeshwa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na ukumbi hujaa.

Kirusi hajui hata neno moja. Shangazi wa mfalme alimfanya mama mkwe, na watu wakamchukia kweli kweli. Mwaka 2016 fundi wetu wa mitambo, Jacques, alipata tafsiri sahihi, naye Papa akaisoma kwa utiifu. Eish! Mama Marthe wa saluni alisimama katikati ya filamu akadai yule mama mkwe arudishwe. Mwezi uliofuata mama mkwe alirudi.

Ila tunachomshukuru zaidi ni ile Jumamosi ya Aprili 2015, wageni wa nchi nyingine kama sisi walipokuwa wakishambuliwa mjini na maduka yakivunjwa. Filamu iliisha saa kumi alasiri, na hakuna aliyethubutu kutoka. Watoto wakaanza kulia. Papa akamwambia Jacques airudishe mwanzo, na safari hii mfalme akawa mtu wa kuogopa panya na kumwomba mama mkwe ruhusa ya kutoka nje. Watoto walicheka mpaka magari ya kanisa yakaja kutuchukua. Papa mwenyewe alikuwa akiutupia mlango jicho kila baada ya sentensi. Nilikaa karibu, nilimwona.

Nimemwomba aniandikie maneno. Anasema hajawahi kuwa nayo, humjia akimtazama mfalme usoni. Mfalme huyo nimemtazama wiki nzima, hajaniambia kitu.

Asante kwa yote, Papa. Mungu akupe miaka mingi ya afya na raha pamoja na mkeo, Mama Falonne. Viti vya Jumamosi nimeviuza vyote mwenyewe isipokuwa kimoja, kilicho karibu kabisa na kipaza sauti. Tafadhali, usichelewe.