Mhandisi Aliyesema "Anza Wewe"

Ndugu, majirani, na ninyi wa idara ya maji mliokuja na sare zenu za kazi: ninayesoma ni dada wa marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa. Aliagiza asisifiwe kupita kiasi. Nitajitahidi.

Kaka yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Februari 1957, kifungua mimba wa fundi bomba na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana. Alianza shule mwaka 1964. Akiwa darasa la tano alifungua bomba la shule aone ndani kuna nini, na ofisi ya mwalimu mkuu ikajaa maji hadi vifundoni. Alipoulizwa nani kafanya hivyo, alijibu, "Ni mimi, ila nati ilikuwa imeshalegea." Alichapwa kwa nusu ya kwanza ya jibu. Nusu ya pili hakuna aliyeisikiliza. Alimaliza sekondari mwaka 1976, akaenda chuo cha ufundi, kisha akapata shahada ya uhandisi mwaka 1983.

Julai mwaka huohuo aliajiriwa kwenye mtambo wa kusafisha maji. Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa chekechea. Maji yalikatika ukumbini siku hiyo, na bibi harusi akamnong'oneza, "Hata leo, mume wangu?" Walijaliwa watoto watatu.

Kufikia mwaka 1996 alikuwa meneja wa uendeshaji, na watu mia nne na kumi na wawili chini yake. Tuseme ukweli, maana wengi wenu mlikuwepo: alikuwa mkali. Akiingia chumbani mazungumzo yalikufa. Yeye aliita hiyo nidhamu.

Machi 1998, fundi wa maabara, binti wa miaka ishirini na minne, aliona dawa ya kuua vijidudu imepungua kwenye maji yanayokwenda mitaa ya mashariki. Alimwambia msimamizi wake. Msimamizi akataka barua. Barua ikaenda kwa mkuu wa maabara, naye akaisubirisha hadi kikao cha Jumatatu. Jumatatu kaka aliingia kikaoni amefura kwa sababu ya pampu mbovu, na mkuu wa maabara akaona bora aifunike ile karatasi kwa daftari lake. Ilifika mezani kwa kaka siku ya sita. Hospitali zilikuwa zimeshajaa. Walikufa watu kumi na tisa, kumi na mmoja wao watoto.

Bodi ilitaka yule binti afukuzwe kazi. Kaka alimwita ofisini.

"Kwa nini hukuja kwangu moja kwa moja?"

"Mzee, mlango wako nani anaugonga?"

Alituambia kwamba alimwomba yule binti akae. Kesho yake aliwaambia wajumbe wa bodi, "Huyu ndiye aliyeiona hatari. Mkimfukuza, hakuna mwingine atakayesema kitu. Niondoeni mimi." Hawakumwondoa. Walimshusha cheo akawa msimamizi wa zamu, akakaa hapo miaka tisa.

Huko chini ndiko alikojifunza kuongoza. Kila zamu aliwakusanya watu wake kando ya pampu, wakiwa wamesimama, akamgeukia mwenye cheo cha chini kuliko wote: "Anza wewe." Yeye alisema mwisho. Wiki ya kwanza walimtazama tu, wakidhani ni mtego. Wiki ya pili mfagiaji alisema harufu ya chumba cha dawa siku hizi haielewi. Wakakuta vali inavuja. Tangu hapo midomo ikafunguka, na jina la "Anza Wewe" likamganda. Mwaka 2007 alipewa kazi ya kufundisha wasimamizi wa mitambo yote. Aliwachorea ile barua ilivyotembea, meza kwa meza, kisha akawauliza, "Hapa mwenye kosa ni nani?" Walipotaja mtu mmoja, aliwaambia watazame tena. Yule binti wa maabara leo ndiye mkurugenzi wa uendeshaji.

Hakupata nafuu kwa hayo. Kila Machi alikwenda mitaa ya mashariki peke yake. Mama mmoja aliyefiwa na watoto wawili hakuwahi kumfungulia mlango. Alistaafu mwaka 2017, naye akaendelea kwenda.

Mwanawe mkubwa ameniruhusu niseme hili: nyumbani baba yao alianza yeye na kumaliza yeye. Yeye na baba yake walikaa miaka sita bila kusemezana.

Mwaka 2023 alianza kukojoa damu. Alificha miezi minane, mpaka shemeji alipoona nguo alizokuwa akizifua mwenyewe.

"Baba watoto, ungesema."

"Niliona mna mambo mengi."

Ilikuwa saratani ya kibofu, na ilikuwa imeshasambaa. Mwanawe mkubwa alisafiri, akafika Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nane mchana. Alivuta kiti, akamshika baba yake mkono, akaanza kueleza yote aliyokuwa nayo moyoni. Alieleza kwa muda mrefu. Saa kumi na moja jioni muuguzi aliingia, akamgusa begani, akamwambia basi. Hatujui marehemu alisikia mpaka wapi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na sisi wadogo zake wawili.

Kaka, ulikuwa umechoka tangu zamani, na hukutuambia. Pumzika sasa, kwa amani.