Swali Asiloulizwa Mama

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo hiki cha Tiba, walimu, wazazi mliojaza ukumbi hadi mlangoni, nanyi wahitimu mnaotamani nimalize mkapige picha: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Sura yangu wengi hamuijui, ila sauti nadhani mmeshaitambua. Ndiyo mimi, yule wa taarifa ya habari ya jioni. Kwa miaka mingi nimewatangazia mafuriko na bajeti bila ulimi kuteleza. Halafu jioni moja nikafungua kipaza sauti nitaje jina la kituo chetu, likapotea. Jina la kituo! Fundi mitambo akawa ananichezeshea midomo nyuma ya kioo kama anayemfundisha mtoto kusema "baba".

Jambo hilo lilipojirudia, mkurugenzi akaniambia kwa upole, "Dada, hebu kapumzike kwanza," na kiti changu kikakaliwa na mwingine. Nyumbani silali, nguo zinalowa jasho, baba watoto kajifunika blanketi mbili huku mimi nafungua madirisha. Niliogopa, jamani. Mama yangu mzazi alizeeka akiwasahau watoto wake, nikadhani zamu yangu imefika mapema.

Nikazunguka hospitali. Je, nilidharauliwa? Hata kidogo! "Shikamoo mama, karibu mama, kaa hapa mama." Wakanipima presha, sukari, moyo. Mmoja akanipa vidonge vya usingizi, mwingine akasema, "Mama, punguza mawazo." Waliniuliza nakula nini, nalala saa ngapi, nimegombana na nani. Kuhusu hedhi, hakuna aliyethubutu. Na angeanzaje? Ukishamwita mtu mama, utamwulizaje mambo ya mwezini? Heshima ile ile iliyonipa kiti ndiyo iliyoninyima tiba. Nami sikusema. Wahenga walinena, mficha uchi hazai. Sisi tumezaa, tumelea, tumemaliza, na bado tunaficha.

Ndipo nikakutana na mmoja wa wahitimu hawa, wakati huo akiwa mazoezini hospitalini. Wenzake wanamwita Taratibu. Alitazama viatu vyake, akasema, "Samahani mama, nina swali ambalo hata mama yangu siwezi kumwuliza. Bado unaona siku zako?"

Nikawaka. "Mtoto huna adabu! Kwenu hakuna wakubwa?" Nikashika mkoba wangu niondoke. Akasubiri pumzi yangu itulie, akauliza tena kwa maneno yale yale. Nikakaa. Nikalia kwanza, kisha nikamweleza yote. Akanipeleka kwa mwalimu wake, daktari bingwa wa wanawake, naye akanifafanulia kwamba hedhi yangu inaelekea kukoma, na katika mabadiliko hayo usingizi, joto la mwili na kumbukumbu vinaweza kuyumba. Kumbe sikuwa napoteza akili. Nikapata tiba, nikarudi kwenye kiti changu, na jana mlinisikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo ameniambia bila kumung'unya maneno kwamba hapa mimba inafundishwa muhula mzima, na kukoma hedhi kipindi kimoja. Simlaumu, naye alifundishwa hivyo hivyo. Lakini mimba ni miezi tisa, na huku tuliko sisi watu hukaa miaka. Hatustahili hata wiki mbili? Namwomba, mbele yako, aziongeze.

Taratibu, simama mwanangu wakuone. Mpigieni makofi! Usikae bado. Ukumbi huu una baridi, hata Mgeni Rasmi amefunga koti, lakini safu ya tatu yuko mama anayejipepea kwa karatasi ya ratiba tangu tuingie. Tulisalimiana mlangoni, akaniambia kwa fahari kwamba wewe ni kifungua mimba wake. Nikamwuliza, "Unalala, dada?" Akacheka. "Usingizi nimeusahau. Ni uzee tu." Nikamwambia, basi mwambie mwanao, si ndiye daktari? Akainamisha kichwa. "Namwonea haya. Nisemee wewe."

Basi nimesema. Mimi, mtu baki, uliniuliza mara mbili. Leo mkifika nyumbani, vua joho, kaa karibu naye, umwulize. Akikufokea, subiri pumzi yake itulie, uulize tena.

Nawashukuru walionialika, na ninyi nyote asanteni kwa kunisikiliza, safari hii bila redio.