Enoch Sugden, Kocha Aliyewafundisha Crowther Moor Kuinuka

Marehemu Enoch Sugden alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 hapa Crowther Moor, Yorkshire, mtoto wa tatu wa Bwana Amos Sugden, mchimba makaa ya mawe, na Bi. Edith.

Alisoma shule ya kanisa hadi miaka kumi na minne. Katika ripoti yake ya mwisho mwalimu aliandika: "Maswali yake yamenishinda." Mwaka 1945 akashuka mgodini, na kila Jumamosi akicheza raga ya ligi, ile ya wachezaji kumi na watatu, hadi goti lilipomgomea mwaka 1960.

Tarehe 9 Juni 1956 alifunga ndoa na Doreen Lumb katika kanisa la Wamethodisti, Mtaa wa Bethel. Walijaliwa binti mmoja, Hilary.

Agosti 1968 alikabidhiwa timu ya raga ya mji aifundishe, iliyokuwa imefungwa mechi kumi na tisa mfululizo. Uongozi ulikwisha kusema: ikishika mkia tena, inavunjwa. Mazoezi ya kwanza Enoch hakuja na mpira. Aliwalaza wachezaji matopeni, akawainua, akawalaza tena, macho kwenye saa.

"Kocha, mpira uko wapi?" akauliza nahodha, Harold Lumb, kaka yake Doreen.

"Wenzenu wakiangushwa huinuka na kuendeleza mpira kwa sekunde mbili. Nyinyi tano. Nimewahesabu. Mpira wa nini kwa watu waliolala?"

"Basi tuletee na mito!"

Walicheka wote, hata Enoch. Lakini Harold alipochelewa mazoezi mara ya tatu, Enoch alimvua unahodha, akamtoa kikosini. Nyumbani kukawaka moto.

"Kaka yangu wa kutupwa? Haya, kajipikie!" alisema Doreen. Jumapili tatu Enoch alikula mkate na jibini peke yake, akijiuliza kama amekosea, asimwambie mtu wakati ule.

Jumanne iliyofuata Harold alifika wa kwanza, akajilaza matopeni bila kuambiwa.

"Haya, shemeji. Hesabu."

Harold akarudishwa kikosini, na timu ikaanza kushinda, mechi moja moja. Aprili, mechi ya mwisho, ambayo ikifungwa timu inashika mkia, wapinzani, Ardley, walikuwa wakiongoza kumi kwa nane. Harold aliangushwa hatua mbili kutoka mstari wa goli. Akainuka kabla Ardley hawajajipanga, akausukuma mpira nyuma kwa kisigino, kama sheria inavyotaka, na mwenzake akaingia nao golini: pointi tatu. Kumi na moja kwa kumi! Klabu ikapona. Watu walirusha kofia. Enoch alikuwa akitazama saa.

Vumbi la mgodini lilimshika mapafu tangu 1991. Mwezi uliopita Harold alimuuliza kitandani, "Shemeji, na kama nisingerudi?"

Enoch alivuta pumzi kwa shida. "Sijui, bwana. Miaka thelathini najiuliza hilo hilo."

Alifariki nyumbani tarehe 11 Februari 1999, Doreen akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Doreen, binti, Hilary, wajukuu wawili, Joanne na Craig, na shemeji yake, Harold, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Lala, shemeji. Leo hakuna anayehesabu. Mungu akupe pumziko jema.