Mama Kashavaa Viatu

Ugenini huku, kwenye basi la asubuhi, nilikuwa na simu mkononi kama kawaida yangu, ila masikio nilikuwa nimeyahamishia kiti cha mbele. Mshonaji mmoja alikuwa amepakata boksi dogo, anamweleza kinyozi aliyekaa pembeni yake.

"Kidude hiki unakiunga kwenye intaneti, unachomeka simu ya mezani, basi namba yangu ya nyumbani inalia huku. Mama anajua bado nakaa mtaa wa pili. Nilipoondoka alikuwa hoi kitandani, nani angemwambia?"

"Na hajashtuka?"

"Huwa ananiuliza tu mbona napiga miayo mchana kweupe, kumbe huku ni usiku. Sasa cha zamani kimeungua jana. Anapiga, haiiti. Mdogo wangu kaniandikia sasa hivi, mama kashavaa viatu, anakwenda kunigongea."

Kinyozi akacheka kidogo, akaacha. "Basi usikichomeke, dada. Mwache afike, aujue ukweli."

"Aujulie mlangoni, kwa mpangaji mgeni?"

"Kwani wewe ungemwambia lini?"

Mshonaji akageukia kioo kilichojaa ukungu wa pumzi zetu. Akachora mlango kwa kidole, taratibu, mpaka kitasa. "Anatembea polepole siku hizi," akasema. "Nikiwahi nyumbani kukichomeka, mdogo wangu atamwambia apige tena."

Basi likasimama. Akashuka mbio, boksi kifuani. Kinyozi akanyoosha mkono afute kioo, akaurudisha. Ule mlango ulikuwa umeanza kuchuruzika, nami nikawa namwona mama wa watu anaukaribia, na viatu vyake.