Pole Kwanza, Tarehe Baadaye: Mama Prudencia Rwehumbiza Anastaafu

Bi. Prudencia Rwehumbiza anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi katika Kampuni ya Vifaa Ziwani, wakodishaji wa vifaa vya shughuli na ujenzi hapa Mwanza. Wengi wetu tulimkuta kazini, na wote tunamwita Mama Prudencia, hata mkurugenzi.

Alizaliwa Muleba, mkoani Kagera. Aliajiriwa mwaka 1996 kuosha sahani na masufuria yanayorudi kutoka kwenye shughuli. Wakati huo kampuni ilikuwa na maturubai mawili, viti vya mbao, na jenereta moja iliyokuwa na tabia ya kuzima kila mchungaji aliposimama kuhubiri. Baadaye alihamishiwa kaunta kupokea wateja, na hakutoka tena hapo.

Kaunta yake ilikuwa na utaratibu. Mteja alipewa kiti, akasogezewa kopo la buni, kahawa ya kutafuna kutoka Muleba, akaulizwa habari za nyumbani, ndipo akaulizwa anataka nini. Aliyekuja kwa ajili ya msiba hakuulizwa swali lolote kabla ya kupewa pole. Vijana wa stoo walimtania kwamba kwake hata mashine ya zege haitoki kabla haijatafuna buni.

Mwaka 2022 kampuni ilianzisha mfumo wa kukodi vifaa kwa mtandao. Mtu aliyeko Sengerema aliweza kuchagua turubai, viti au pampu ya maji kwenye simu yake bila kuvuka kuja mjini. Mama Prudencia alijifunza mfumo huo haraka. Alikuwa na hofu moja tu, kwamba aliyefiwa atakutana na mashine inayomhoji.

Muda si mrefu Nathaniel, mtaalamu aliyeujenga mfumo, aligundua kuwa watu wengi walianza kuagiza wakaishia njiani, karibu wote kwenye ukurasa wa tarehe ya kurudisha vifaa. Uongozi ulidhani ni mtandao kukatika. Nathaniel aliomba akae kaunta na Mama Prudencia, awaone wateja kwa macho yake. Walichogundua wawili hao ni jambo ambalo sote tulilijua bila kulifikiria. Mwenye harusi anajua tarehe miezi kadhaa kabla. Mwenye msiba hajui. Anasubiri ndugu kutoka Dar, anasubiri kikao cha familia, na hataki aonekane ana haraka ya kuzika. Huyo ndiye ambaye mfumo wetu ulikuwa ukimwandikia kwa rangi nyekundu: "Kosa. Jaza tarehe ya kurudisha."

Wakaanza kurekebisha. Tarehe iliruhusiwa kubaki wazi, na mfumo ukafundishwa kutoa pole. Hapo Mama Prudencia aliteleza. Kwa mazoea yake ya kaunta, alimwambia Nathaniel kuwa anayechukua turubai bila mapambo wala jukwaa ni mwenye msiba. Wiki hiyohiyo familia moja ya Kisesa iliyokuwa inaozesha binti ilikodi turubai tupu, kwa sababu mapambo waliyashona wenyewe. Wakapokea ujumbe: "Poleni sana kwa kuondokewa na mpendwa wenu."

Shangazi wa bibi harusi alipiga simu, na ofisi nzima tulimsikia bila spika. "Nyie watu wa Mwanza, nani kafa huku? Tunaozesha sisi, hatuziki!"

Mama Prudencia hakumwachia mtu mwingine jambo lile. Alipanda lori la maturubai nililokuwa naendesha, kopo la buni mapajani, akaenda Kisesa kuomba radhi. Shangazi alimpokea amesimama, mikono kiunoni, akamtazama, akatazama kopo. "Umeshatuzika," alimwambia. "Haya, kaa uchambue mchele." Alichambua. Tulipoondoka alikuwa ameshaalikwa harusini.

Tangu hapo mfumo haubahatishi. Unaanza kwa kuuliza ni shughuli gani: harusi, msiba, ujenzi, shamba au nyingine. Anayechagua msiba anaulizwa mahali na namba ya simu tu. Kwa mengine yote anapigiwa simu na mtu. Wanaoishia njiani sasa ni wachache, na Nathaniel anasema ndiyo kazi anayojivunia zaidi. Mtu aliyekuwa akipiga simu hizo ni Mama Prudencia.

Mwaka jana mke wangu Apiyo alifariki. Niliagiza turubai kwa mtandao kama mteja mwingine yeyote, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kuzungumza. Simu ikaja. Alisema pole, akanyamaza, wala hakukata. Baadaye aliniuliza turubai likae upande gani wa nyumba. Nilimwambia kuna bustani ya mchicha ya Apiyo. Vijana walifunga kamba mbali nayo. Mchicha huo nauchuma mpaka leo.

Mwaka huu lilitolewa pendekezo kwamba akishastaafu, simu hizo zibadilishwe na ujumbe unaojituma wenyewe. Kamati ya kumuaga ilipomuuliza anataka zawadi gani, tukitarajia aseme friji, alijibu kuwa anaomba simu ya msiba iendelee kupigwa na mtu. Uongozi ulijadili, ukakubali. Kazi hiyo anaichukua Jasmin, ambaye amekuwa naye kaunta tangu Januari.

Wiki iliyopita Jasmin alipiga simu ya kwanza peke yake, kwa familia moja ya Bujora. Mama Prudencia alikaa kwenye kiti cha wateja akitafuna buni. Jasmin alitoa pole, akanyamaza. Kimya kilipozidi alimtazama Mama Prudencia, naye akageuka kuangalia dirishani. Jasmin akaendelea kusubiri.

Friji tumelinunua hata hivyo.

Mama Prudencia, asante kwa miaka yote hii. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha kwenye migomba yako ya Muleba, na wajukuu wanaosalimia vizuri. Kopo la buni tunaomba libaki kaunta. Na simu ya ofisi ikiita kwako, usishtuke. Hakuna msiba, ni sisi tunakusalimia.

Zadok Ooko
Idara ya Usafirishaji