Rimoti ya Sajini Hezekia

Wasikilizaji wapendwa, habari za Sajini Hezekia hamtazipata kwa mtu mwingine zaidi yangu mimi, Idrissa. Kwenye banda la video pale Unyambwa, majeruhi wa kwenye kanda yake hakuwahi kufa mikononi mwangu. Hata mara moja!

Sajini Hezekia amefariki. Tabibu wa jeshi kwa miaka ishirini na miwili, amefariki kwa kuvuja damu. Narudia, maana mwenyewe bado siamini: kwa kuvuja damu. Jumamosi, saa nne asubuhi, mnadani Ilongero, watu wamejaa.

Mwaka tisini na sita jeshi lilimpeleka kozi ng'ambo. Huko walifundishwa kwa kompyuta yenye video. Askari kaumia, picha inasimama, inakuuliza ufanye nini. Ukipatia, anapona. Ukikosea, anakufa unamwona. Aliporudi, kambini mashine hiyo hakuna. Akaazima kamera, akawapaka makuruta nyanya ya kopo, akarekodi kanda yake. Akashika rimoti, kompyuta akawa yeye.

Alipostaafu akatuletea kanda hiyo bandani, kila Jumapili, kabla ya filamu za karate.

"Paja linavuja. Fanya nini?"

"Mpe maji, afande!"

Pu! Anazima televisheni. "Umemuua. Nenda kamwambie mama yake."

Mimi ndiye niliyekuwa nawawahi wote: "Gandamiza jeraha, kwa nguvu, usiachie!" Naye anacheka: "Huyu ndiye tabibu wangu."

Jumamosi hiyo lori la alizeti lilirudi nyuma, bati la ubavuni likamchana paja. Paja, wasikilizaji! Lile lile la kwenye kanda. Na kwa bahati mbaya, mnadani hapakuwa na hata mmoja wetu wa bandani.

Tunaipa pole familia yote. Na wewe unayesikiliza, jiulize leo: ikitokea mbele yangu, mikono yangu itafanya nini?

Hapa studio tunaye dada wa marehemu, Bi Raheli. Shikamoo mama. Una neno?

"Marahaba, Idrissa. Mimi siku ile nilikuwa nauza vitunguu. Nilimbana kaka paja kwa kanga yangu, lakini nguvu sina, mkono huu una baridi yabisi. Yeye alikuwa anakutazama wewe. Ulisimama pale na mshikaki wako."

"Mama, mimi..."

"Alikuuliza, 'Idrissa, paja linavuja. Fanya nini?' Alikuuliza mara mbili. Haya, sasa watu wote wanakusikia. Mjibu, mwanangu."